Mechi moja, mvua moja, malipo mawili: kampuni za kubeti ziweke kanuni za besiboli hadharani

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni tangu Agosti 2025 na leo naliandika lote, maana nimeona vijana wengi wa kwetu huku Marekani na hata nyumbani wanaweka besiboli kwenye mkeka kwa sababu tu mechi zipo kila siku na odi zinavutia, ila hawajui mvua ikinyesha pesa yao inahesabiwa vipi. Mimi pia sikujua.

Naishi Columbus, Ohio. Kubeti kihalali huku kulianza tarehe 1 Januari 2023, na besiboli nimefundishwa na mzee mmoja tunafanya naye kazi ghalani, mtu wa Cincinnati, anaipenda Reds, timu ya kwao, kama mtu wa Kariakoo anavyoipenda timu yake. Sasa tarehe 2 Agosti 2025, Jumamosi, Reds walikuwa wanacheza na Atlanta Braves pale Bristol, Tennessee, kwenye uwanja wa mbio za magari, wakatandika uwanja wa besiboli katikati, tiketi zikauzwa zaidi ya elfu 90. Mzee kaweka dola 20 Reds washinde. Mimi nimeweka Braves ndani ya mkeka wa mechi tatu, dola 20, ukitiki napata karibu dola 120.

Mvua ikanyesha. Mechi ikachelewa zaidi ya saa mbili kuanza, ikaanza, iningi ya kwanza (iningi ni awamu ambayo kila timu inapiga zamu moja) haijaisha na Reds wanaongoza 1-0 mvua ikarudi kwa nguvu, wakasimamisha na kusema itaendelea kesho yake mchana. Jumapili ikaendelea palepale ilipoishia na Braves wakashinda 4-2. Mechi zangu nyingine mbili zilishatiki Jumamosi, nikajua nimekula. Kufungua akaunti nakuta dola 64 na senti. Mechi ya Braves imeondolewa kwenye mkeka, imehesabiwa odi 1, kwa sababu kanuni ya hiyo kampuni inataka mechi imalizike siku ileile iliyopangwa. Mzee yeye alibeti kampuni nyingine, kanuni ya kwao inasema tiketi ya kubeti inabaki hai mechi ikiendelea ndani ya muda waliouweka, kwa hiyo Reds walivyofungwa Jumapili dola 20 zake zikaenda. Yaani mechi ileile, mvua ileile, aliyepatia hakulipwa na aliyekosea akaliwa. Na kampuni zote mbili zilikuwa ndani ya kanuni zao, ndio kitu kilichoniuma zaidi, sikuwa hata na pa kulalamikia.

Nikaanza kusoma. Nimesoma kanuni za kampuni kadhaa usiku mpaka macho yanauma, na nataka niwaeleze nilichoelewa kwa lugha ya kawaida.

Mechi ya besiboli ni iningi 9, kila timu inatolewa auti 27, yaani wapigaji wake wanatolewa nje mara 27. Ila ligi yenyewe, MLB, ligi kuu ya besiboli huku, inasema mechi ikifika iningi 5 kamili tayari ni mechi halali, na kama timu ya nyumbani inaongoza basi hata 4 na nusu inatosha, kwa sababu wao wanapiga nusu ya pili ya iningi na hawana haja ya kupiga tena kama wako mbele. Mvua ikiikata baada ya hapo, ligi inaweza kuifunga na mshindi akatangazwa. Ukibeti nani anashinda, kampuni nyingi zinafuata hapohapo, iningi 5 zimeisha (au 4 na nusu mwenyeji akiwa mbele) tiketi inahesabiwa.

Sasa ukibeti jumla ya pointi, ova (zitazidi namba iliyowekwa) au anda (hazitafika), au handikapu ile ya 1.5 (timu ishinde kwa pointi mbili au zaidi, au isifungwe kwa zaidi ya moja), kanuni ya zamani ya kampuni nyingi ni kwamba lazima mechi ifike iningi 9, au 8 na nusu mwenyeji akiwa anaongoza. Chini ya hapo unarudishiwa dau lako. Kwa hiyo mechi ikikatwa iningi ya 7 timu yako ikiwa inaongoza 8-1, aliyebeti ushindi analipwa, aliyebeti handikapu kwenye timu hiyohiyo anarudishiwa pesa yake tu. Mara ya kwanza kusoma hivi niliona ni wizi. Nilivyokaa nikafikiria nikaona kuna mantiki, odi ya jumla ya pointi inapigwa hesabu kwa auti zote za timu zote mbili, ukikata theluthi ya mechi ile namba 8.5 haina maana tena, ni sawa na kumlipa mtu wa anda 2.5 kwenye mpira wa miguu mechi ikiwa imevunjika dakika ya 60. Hapo nawaelewa kabisa, na nasema wazi hiyo kanuni ni ya haki.

Haki inaanza kupotea wanapoongeza sentensi moja tu, kwamba soko ambalo matokeo yake yameshajulikana kabla mechi haijakatwa linalipwa. Inasikika vizuri sana. Chukua jumla ya 8.5, mechi imekatwa iningi ya 6 na pointi zimefika 9. Ova analipwa, sawa, maana hata wangeendelea mpaka asubuhi pointi hazipungui. Sasa mtu wa anda je? Mechi ikikatwa iningi ya 6 pointi zikiwa 3, anda hawezi kulipwa kwa sababu iningi 9 hazijafika, anarudishiwa. Na zikiwa 9 anda ameliwa. Kwa hiyo kwenye mechi iliyokatwa na mvua mtu wa anda ana njia mbili tu, kuliwa au kurudishiwa, hakuna njia ya kushinda. Mtu wa ova yeye analipwa au anarudishiwa, hakuna njia ya kuliwa. Uzito wote wa mvua kabebeshwa mtu wa anda, na kwenye mkeka wake hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Mimi ni mtu wa anda, napenda kubeti warushaji wazuri, wale wanaowarushia wapigaji mpira na kuwanyima pointi, na nimecheza hivyo zaidi ya mwaka mzima bila kujua. Kwangu mimi bora ile ya zamani, iningi 9 hazijafika kila mtu achukue dau lake, ova na anda wote sawa. Najua watu wa ova watanipinga.

Kitu kingine ambacho hakijakaa sawa ni kipimo cha iningi ya mwisho iliyokamilika. Kampuni nyingine zinasema mechi ikisimamishwa baada ya iningi 5, mshindi ni yule aliyekuwa anaongoza mwisho wa iningi iliyokamilika, isipokuwa kama mwenyeji amesawazisha au ameongoza kwenye nusu yake ya pili. Kuelewa ubaya wake angalia fainali ya 2008, ambayo huwa ni mfululizo wa mechi, Philadelphia Phillies na Tampa Bay Rays, mechi ya 5, tarehe 27 Oktoba pale Philadelphia. Mvua inanyesha, uwanja umekuwa matope, mwisho wa iningi ya 5 Phillies wanaongoza 2-1, halafu nusu ya kwanza ya iningi ya 6 Rays wakasawazisha 2-2, mechi ikasimamishwa. Kamishna wa wakati ule Bud Selig alishaamua kwamba fainali haitaisha kwa mvua, wakasubiri mpaka tarehe 29 ndio wakaimalizia, Phillies wakashinda 4-3 na kubeba ubingwa. Kwa kipimo kile cha iningi iliyokamilika, tiketi ingefungwa usiku ule wa tarehe 27 kwa Phillies 2-1, wakati ubao wa uwanjani unasoma 2-2 na watu wanajua mechi haijaisha. Ikatokea Phillies ndio walioshinda kweli, ila wangeshinda Rays? Mtu kashika tiketi ya mshindi wa kweli na kaliwa. Na pointi zilikuwa 4 waliposimama, zikaisha 7.

Ligi yenyewe ilijifunza. Kuanzia 2009 mechi za mtoano lazima zichezwe mpaka mwisho hata kama ni siku nyingine. Na tangu 2020 mechi ya kawaida ikikatwa kabla ya iningi 5 haifutwi tena na kuanza sifuri kama zamani, inaendelea ilipoishia, ndio maana Bristol waliendelea na ile 1-0. Ligi imehama. Kampuni iliyonihesabia mkeka wangu bado iko kwenye dunia ya zamani ambapo siku ikiisha na mechi imekwisha, na kila kampuni imehama kwa kasi yake.

Sare nayo ipo, mtu asikudanganye kwamba besiboli haina sare. Tarehe 29 Septemba 2016 Chicago Cubs na Pittsburgh Pirates walitoka 1-1, mvua iliikata na haikurudiwa, na mwaka uleule Cubs wakachukua ubingwa, ndio maana rekodi yao ya msimu inasoma ushindi 103 na kufungwa 58, haijai 162. Tiketi ya ushindi isiyo na chaguo la sare hapo ni dau kurudi, basi.

Ninachotaka ni kidogo sana. Siombi kampuni zote ziwe na kanuni moja, ingawa ingekuwa vizuri. Naomba kabla sijabonyeza kuthibitisha, pale kwenye mkeka, chini ya jina la mechi, paandikwe mstari mmoja: tiketi hii inahitaji iningi ngapi, na mechi ikisogezwa kesho inabaki hai au inakufa. Hiyo programu inaweza kunitumia ujumbe saa tisa usiku kuniambia kuna bonasi, inajua niko mji gani ndio iniruhusu kubeti, haishindwi kuniandikia mstari mmoja. Kanuni zenyewe wamezificha kwenye ukurasa mrefu wa msaada, unashuka unapita tenisi, ngumi, hoki, ndio unafika besiboli, na humo ndani kila soko lina aya yake.

Mpaka wafanye hivyo mimi nimebadilisha ninavyocheza. Naanza na hali ya hewa ya mji mechi inapochezwa kabla ya kuangalia mrushaji. Anda naiweka kwenye viwanja vyenye paa la kufunga, Houston, Milwaukee, Seattle, Toronto, Miami, Arizona na pale Arlington, Texas. Rays zamani walikuwa salama kabisa chini ya paa lao ila kimbunga Milton kililichana Oktoba 2024, na msimu wa 2025 wakacheza uwanja wa wazi Tampa, kwenye mvua za Florida, kwa hiyo mwaka ule ulikuwa mwaka wa kuwaogopa. Na mechi yenye dalili ya mvua siiweki tena ndani ya mkeka wa mechi nyingi, naiweka peke yake au naiacha.

Mzee wangu wa ghalani yeye kaacha kubeti tangu siku ile. Reds bado anawaangalia.