Kansa ya titi: picha inaweza kutuambia kemo itafanya kazi?

Siku hizi mtu akigundulika ana kansa ya titi ambayo uvimbe umeshakuwa mkubwa, mara nyingi madaktari hawaanzi na kisu, wanaanza na kemo, zile dawa kali za kuua kansa, ili uvimbe upungue halafu ndo operesheni. Sasa swali ni je, picha ya MRI au altrasaundi inaweza kutuambia mapema kama dawa inamsaidia huyu mgonjwa, au hata kabla ya dripu ya kwanza ijulikane itamkubali au itamkataa? Wapo wanaotaka hospitali za huku kaskazini, KCMC hapo Moshi na za Arusha, zilifanye hili kwa kila mama, na wapo wanaosema ni anasa ya nchi tajiri. Naona wote wana hoja, ila mimi naanza na swali lingine: picha ikisema dawa imegoma, ipo dawa nyingine ya kumbadilishia?

Wanaotaka hawajakosea hata kidogo. Kemo siyo mchezo, nywele zinaondoka, damu inashuka, ile dawa nyekundu, doksorubisini, inaweza kuumiza moyo, na mtu wa Arusha anapanda gari kilomita kama 80 kwenda Moshi kila baada ya wiki mbili tatu, bado hatujamtaja wa Karatu. Kama dawa haifanyi kitu kwanini abebe mzigo wote huo mpaka mwisho? Halafu kuna sayansi yake nzuri tu. Uvimbe wa kansa unajitengenezea mishipa yake ya damu, mishipa mibovu inayovuja, kwahiyo ukichoma kontrasti, ile dawa ya kung'arisha picha, inaingia haraka na kutoka haraka na MRI inaliona hilo, na dawa ikifanya kazi mishipa ile inaweza kufifia kabla rula haijaonyesha tofauti yoyote. Marekani wana utafiti unaitwa I-SPY 2 ulioanza 2010, mgonjwa anapigwa MRI kabla ya kuanza, wiki ya 3, wiki ya 12, na kabla ya operesheni.

Ila mimi ulionigusa zaidi ni wa Wajerumani, GeparTrio, kwasababu hawakutumia mashine ya ajabu. Wanawake zaidi ya 2,000, wakapewa dozi mbili za kemo halafu wakapimwa kwa altrasaundi, kama ilikuwa haisomeki vizuri hata kwa mkono au mamogramu, yaani eksirei ya titi. Ambao uvimbe umepungua vizuri wengine wakaongezewa dozi za dawa ileile, ambao haujapungua wengine wakabadilishiwa dawa. Majibu ya 2013 yakaonyesha waliotibiwa kwa kufuata kipimo kile walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi, hasa wenye kansa inayotegemea homoni. Cha kushangaza, kansa kuisha kabisa kwenye titi ilikuwa nadra kwa wale ambao uvimbe wao uligoma kupungua mwanzoni, wawe wamebadilishiwa dawa au hawajabadilishiwa. Yaani dozi mbili tu na altrasaundi, kitu ambacho huku tunacho.

Sasa upande wa pili. Kuna utafiti uliotoka 2018, ACRIN 6698, uliangalia namna maji yanavyotembea ndani ya uvimbe kwa MRI, na baada ya wiki 12 uwezo wa kutabiri nani kansa itaisha ulikuwa 0.60, ambapo 0.50 ni sawa na kurusha shilingi na 1 ni kupatia kila mara. Walipochanganya na aina ya kansa ukapanda mpaka 0.72. Na picha inadanganya pande zote mbili: kovu linaweza kubaki likaonekana kama uvimbe wakati kansa imekufa, na uvimbe unaweza kupotea kwenye picha huku chembechembe zimebaki zimetapakaa. Hizi programu za akili mnemba zinazotabiri kabla ya dozi ya kwanza ndo kabisa, nyingi zimefundishwa kwa picha za wanawake wa Marekani, Ulaya na Asia, na kwa mashine zao, kwahiyo kabla hazijajaribiwa kwa akina mama wa huku sioni kwanini tuzipe mamlaka ya kumnyima mtu dawa.

Kwahiyo kama familia imechangishana na hela ni ya kipimo kimoja tu, kwa maoni yangu iende kwenye kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe, kipimwe vipokezi, yaani protini za kwenye chembe za kansa: viwili vya homoni, na cha tatu HER2 kinachoichochea ikue. Hicho chenyewe kinatabiri sana, maana kansa yenye HER2 na ile isiyo na vipokezi vyote vitatu ndo zinazoongoza kuisha kwa kemo, ya homoni ni mara chache, na ndicho kinachoamua dawa. Kumpiga mtu MRI wakati majibu ya vipokezi hayajatoka ni kumuibia jamani. Na titi likishakatwa likapimwa maabara likakutwa bado lina kansa siyo mwisho wa safari. Utafiti wa Japani na Korea Kusini wa 2017 ulionyesha vidonge vya kapesitabini baada ya operesheni vinaongeza maisha kwa wasio na HER2, hasa wale wasio na vipokezi vyote vitatu.

Kuna hatari moja inaniuma sana. Uvimbe ukiyeyuka, mama anaambiwa picha ni safi, nyumbani wanashangilia, harudi tena kukatwa. Kuna utafiti mdogo wa Marekani wa 2022, wagonjwa 50, uliojaribu kuacha operesheni, lakini walitolewa vinyama vingi kwa sindano kubwa kuhakikisha kwanza, na mionzi wakapigwa. Picha peke yake haikutosha hata kwao.

Dozi ya kwanza isichomwe kabla altrasaundi haijafanyika na vipimo kuandikwa kwenye faili kwa milimita, na baada ya dozi ya pili irudiwe, ikiwezekana na mtaalamu yuleyule. Na kama mpango ni kubakiza titi, ulizeni mapema sehemu ya uvimbe itawekewa alama gani, kile kichuma kidogo kinachoingizwa kwa sindano au hata alama ya kudumu kwenye ngozi, maana kemo ikifanya kazi vizuri sana daktari wa upasuaji anabaki hajui akate wapi.