Tuwaambie watoto kwa nini hawaruhusiwi kuvuka alama ya sawasawa

Nafundisha twisheni ya hesabu za kidato cha tano na kitu kinachoniuma mpaka leo ni jinsi tunavyowapa watoto aidentiti za trigonometria, yaani milinganyo ya sin, cos na wenzao inayokubali kwa kila pembe ambayo pande zote zina jibu, kama amri za jeshi. Ukiambiwa thibitisha, anza upande mmoja, malizia upande wa pili, usivuke, yaani usihamishe kitu kupitia alama ya sawasawa. Basi. Akivuka anapigwa kosa la wino mwekundu na hakuna anayemwambia kakosea nini.

Mimi mwenyewe nilipigwa sifuri kwa kosa hilo nikiwa shule. Swali lilikuwa tuthibitishe hii, θ (tetha) ni pembe:

(1 − cos θ)/sin θ = sin θ/(1 + cos θ)

Nikazidisha huku na kule, cha chini cha kulia nikakileta juu kushoto, cha kushoto nikakipeleka kulia, nikapata 1 − cos²θ = sin²θ, nikaona hee si ndo ileile kosi skwea jumlisha sain skwea ni moja, nikapiga mstari nikafunga daftari kwa raha zangu. Limerudi, sifuri, pembeni pameandikwa usivuke. Nilipoenda kuuliza nikaambiwa ndo sheria ilivyo, na nikakaa miaka nikiamini ni sheria kama ya kuchomekea shati tu.

Kumbe sababu ipo. Ukishaandika pande zote mbili na sawasawa katikati halafu ukaanza kuzifanyia kazi kwa pamoja, umeshakubali kwamba ziko sawa, wakati hicho ndo ulichoambiwa uthibitishe. Na ukianza na uongo unaweza kabisa kuishia kwenye ukweli. Chukua hii: cos θ = √(1 − sin²θ). Weka kipeo cha pili pande zote, unapata cos²θ = 1 − sin²θ, ukweli mtupu. Sasa weka 180°. Kushoto −1, kulia 1. Umeprovu uongo na ukipitia hesabu yako mstari kwa mstari huoni ulipokosea. Mfano huu ni dakika mbili ubaoni jamani, dakika mbili!

Kwa lile swali langu unakaa kushoto tu, unazidisha juu na chini kwa (1 + cos θ). Juu inakuwa 1 − cos²θ yaani sin²θ, chini sin θ(1 + cos θ), sain moja inakatwa na mwenzake, umefika. Ni hesabu ileile niliyofanya mimi, ila sasa kila mstari umetoka kwenye mstari ulio juu yake. Ndo maana nasema ile sifuri ilinionea, hatua zangu zilikuwa zinarudishika kinyumenyume, ningeelekezwa tu niziandike kuanzia chini kwenda juu ningepata na ningeelewa.

Halafu hii tabia ya kukaririsha listi ndefu nayo tuiache, mtoto akishika sin²θ + cos²θ = 1 inamtosha, agawe yote kwa cos²θ apate tan²θ + 1 = sec²θ, agawe kwa sin²θ apate 1 + cot²θ = cosec²θ (tan ni sin/cos, sec ni 1/cos, cot ni cos/sin, cosec ni 1/sin).

Na wajaribu namba kabla ya kuhangaika. Kwenye lile swali weka 30°, kushoto 0.268, kulia 0.268, haya endelea kuprovu, maana kukubali kwa pembe moja bado siyo uthibitisho. Angalia sin 2θ = 2 sin θ, inakubali kwenye 0°, inakubali kwenye 180°, ukiweka 30° upande mmoja 0.866 upande mwingine 1, imekufa hapohapo. Mimi nawaambia waweke pembe za ajabuajabu kama 37°, sifuri na 180 zinadanganya sana.

Juzi namaliza kuelezea haya yote, binti mmoja wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) akanyoosha mkono, "Madam, kwenye lile la kwanza tetha ikiwa sifuri je?" Tukaweka. Kushoto sifuri juu sifuri chini, haina jibu. Kulia sifuri gawanya kwa mbili, jibu sifuri. Darasa zima kimya. Nikamuuliza sasa tufanyeje, akafikiri kidogo, akaja ubaoni, akachukua chaki akaandika pembeni ya swali: sin θ isiwe sifuri.