Umati wa Mexico City Ndani ya Kafyu ya Nairobi

Novemba 2020 Nairobi ilikuwa inafunga milango saa nne usiku. Kafyu ilianza Machi, ikarefushwa, ikalegezwa, ikarefushwa tena, hata tukazoea kuishi tukitazama saa. Usiku mmoja wa mwezi huo nilikuwa chumbani, barabara ya nje haina gari hata moja, hedifoni ziko masikioni, nikasikia maelfu ya watu wakiimba kwa pamoja. Hawakuwa wanaimba maneno. Walikuwa wanaimba gitaa.

Wimbo ni Fear of the Dark wa Iron Maiden, bendi ya Uingereza ya metali, ule muziki mzito wa roki, na albamu ni Nights of the Dead, Legacy of the Beast: Live in Mexico City, iliyotoka tarehe 20 mwezi huo huo. Gitaa linapiga melodia ya mwanzo taratibu, na kabla mwimbaji hajafungua kinywa, umati umeshaichukua melodia ile na kuipaza, sauti moja nzito inayopanda na kushuka na kila noti. Mama yangu ni mtu wa Mombasa na nimekulia kwenye harusi za taarab, kwa hiyo hadhira inayomjibu mwimbaji na kuinuka kumtunza naijua tangu utotoni. Umati unaoitikia chombo, noti kwa noti, kwa lugha isiyo na maneno, ulinitoa machozi. Nilikuwa sijaingia kwenye ukumbi wowote wa muziki kwa miezi minane.

Tangu wakati huo nimesoma na kusikia mashabiki wakiuliza: ya nini tena albamu nyingine ya laivu? Swali lina msingi. Maiden wamekuwa wakitoa rekodi za jukwaani tangu ujana wao. Live After Death ya 1985, ambayo sehemu kubwa yake ilirekodiwa Long Beach kule California, wengi wanaiweka miongoni mwa albamu bora kabisa za laivu katika metali. Ikaja Rock in Rio, iliyorekodiwa Brazili Januari 2001. Zipo nyingine nyingi baada yake, na hata ziara ya albamu ya The Book of Souls ilipata rekodi yake mwaka 2017. Mwaka 2020 bendi ilipanga kurudi barabarani, korona ikazuia, na rekodi hii ikatolewa kwa mashabiki ambao tiketi zao zilikuwa hazina kazi tena. Kwa hiyo wapo walioiona kama kitu cha kuwatuliza watu tu.

Mimi siioni hivyo. Naamini hii ndiyo rekodi ambamo Iron Maiden wamesimulia maisha yao kwa ukweli kuliko nyingine zote, na kwamba masimulizi yenyewe yako kwenye orodha ya nyimbo.

Tuitazame basi. Nyimbo ni 16, zimetolewa kwenye albamu 10 kati ya 16 za studio walizokuwa nazo wakati huo, kuanzia ule wa jina la bendi uliotoka 1980 hadi For the Greater Good of God wa 2006. Piece of Mind ya 1983 imepewa nyimbo nne peke yake, ikiwemo Flight of Icarus ambao hawakuupiga jukwaani kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya ziara iliyozaa rekodi hii. Killers ya 1981 haina hata wimbo mmoja. Somewhere in Time ya 1986 nayo imeachwa nje kabisa, na hilo liliniuma, kwa sababu ndiyo kaseti yao ya kwanza niliyowahi kuishika mkononi. (Mwaka 2023 walifanya ziara iliyoirudia albamu ile kwa heshima kubwa, na nikawasamehe.)

Kilichonivuta zaidi ni namba nne na namba tisa: The Clansman na Sign of the Cross.

Ili kuelewa uzito wake lazima urudi nyuma. Mwimbaji wao, Bruce Dickinson, aliiacha bendi mwaka 1993. Mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na Blaze Bayley kutoka bendi ya Wolfsbane, mwenye sauti nene zaidi, isiyopaa kama ya mtangulizi wake. Walitoa albamu mbili naye, The X Factor ya 1995 na Virtual XI ya 1998. Ilikuwa miaka migumu. Kumbi zikawa ndogo, hasa Marekani, na mashabiki wengi wakakata tamaa. Mwaka 1999 Bayley akaondoka, Dickinson akarudi pamoja na mpiga gitaa Adrian Smith, na kwa kuwa Janick Gers naye alibaki, bendi ikawa na wapiga gitaa watatu hadi leo.

Bendi nyingi zikipita kwenye kipindi kama hicho hukifukia. Nyimbo za mwimbaji aliyeondoka hazitajwi tena, na ziara za kumbukumbu hupangwa kama vile miaka ile haikuwepo. Maiden hawakufanya hivyo. Nyimbo hizi mbili zilikuwemo hata kwenye Rock in Rio, lakini wakati huo zilikuwa bado mbichi, miaka michache tu tangu zitoke. Kuzirudisha karibu miaka 20 baadaye, katika ziara iliyotangazwa kuwa ni ya urithi wa bendi nzima, ni kusema wazi kwamba miaka ile nayo ni yetu. Nyimbo zote mbili aliziandika Steve Harris, mpiga besi na mwanzilishi, na nadhani hakuwa tayari kuona kazi yake ikizikwa pamoja na lawama za wakati ule.

Sign of the Cross huchukua kama dakika 11. Unaanza polepole, besi ikitembea peke yake gizani, kisha unafunguka, unatulia tena katikati, halafu magitaa yote matatu yanapanda pamoja. Dickinson anauimba kana kwamba uliandikwa kwa koo lake. Namheshimu sana Bayley, na mtu akitaka kuusikia ule uchungu wa mwaka 1995 arudi kwenye rekodi ya studio, kwa sababu sauti yake ina giza ambalo Dickinson hana. Lakini hapa wimbo umepata upana. Umati wa Mexico City unaupokea sawasawa na nyimbo za 1982. Hakuna anayeenda kununua bia.

Halafu kuna hilo koo lenyewe. Mwishoni mwa 2014 Dickinson aligunduliwa kuwa na saratani kwenye ulimi. Alitibiwa kwa mionzi na kemo, na Mei 2015 ikatangazwa kwamba amepona. Katika rekodi hii ana miaka 61. Kwenye Aces High, wimbo wa kufungulia onyesho na mmoja wa migumu zaidi waliyowahi kuandika kwa mwimbaji yeyote, unamsikia akizitafuta zile noti za juu na pumzi ikikaza. Nafurahi mno kwamba hawakuificha. Kufikia wimbo wa Revelations koo limepata moto, na kuanzia hapo anaimba kwa raha ya mtu anayejua alikaribia kuikosa kazi hii.

Nilijumlisha umri wa wanabendi wote sita kama ulivyokuwa Septemba 2019, rekodi ilipofanywa: miaka 377. Na bado hawakushusha kamba za magitaa ili kumrahisishia mwimbaji, kama zinavyofanya bendi nyingi za rika lao. Besi ya Harris, anayeipiga kwa vidole vitupu, bado inakimbia kwa ule mwendo wa kwato za farasi.

Mpiga dramu Nicko McBrain ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, miaka 67. Wimbo wa pili ni Where Eagles Dare, unaofunguka kwa mkupuo wa dramu ambao ndio uliomtambulisha kwa mashabiki mwaka 1983, albamu yake ya kwanza na bendi. Anaupiga mkupuo ule safi, akiwa pekupeku kama kawaida yake. Januari 2023 alipata kiharusi. Alipambana akarudi jukwaani mwaka huo huo, na Desemba 2024 akaaga ziara mjini São Paulo. Mkupuo ule sasa siwezi kuusikia kama zamani. Huwa naurudisha nyuma na kuusikiliza tena kabla sijauacha wimbo uendelee.

Kwenye ziara hii walibeba mfano wa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ulioning'inia juu ya jukwaa, sanamu kubwa ya kupulizwa ya Ikaro, yule wa hadithi za Kigiriki aliyeruka karibu mno na jua, na bomba za moto ambazo Dickinson alizifyatua kwa mikono yake. Albamu imetoka kwa sauti tu, bila filamu, na waliolalamikia hilo nawaelewa. Kwangu imekuwa faida. Ukiondoa moto na ndege kinabaki kile ambacho wazee hawa wanaweza kufanya kwa vidole na mapafu. Palacio de los Deportes walikorekodi, ukumbi wenye kuba la shaba uliojengwa kwa Michezo ya Olimpiki ya 1968, una mwangwi mbaya kiasi kwamba wenyeji huuita Palacio de los Rebotes, kasri la mwangwi. Kwenye rekodi mwangwi ule umedhibitiwa, ingawa kwa masikio yangu magitaa matatu yanabanana mahali pamoja na kuna nyakati huwezi kujua nani anapiga solo. Kwa mpenzi wa mpiga gitaa Dave Murray kama mimi, hilo ni pungufu la kweli.

Kuna jambo lingine, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Rekodi inaanza na sauti ya Winston Churchill, hotuba yake ya vita ya Juni 1940. Kwa Mwingereza, hiyo ni sauti ya kishujaa. Mimi nikiisikia, nakumbuka kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya dhidi ya Mau Mau. Nyanya yangu mzaa baba alihamishwa na majirani zake wote, wakafungiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, kule Nyeri. Walikuwa na kafyu pia. Alikuwa akituhadithia bila kupaza sauti, na jina la Churchill halikuwahi kutajwa kwake kwa wema.

Kwa hiyo albamu hii huianza nikiwa nimekaza meno. Kisha naenda nayo hadi mwisho, na wimbo wa kufungia ni Run to the Hills wa 1982. Beti la kwanza ni kilio cha Wakree, Wahindi Wekundu wa Amerika Kaskazini, wakisimulia jinsi mzungu alivyovuka bahari na kuwaletea mauti, wakakimbilia milimani. Na mahali unapoimbwa ni Mexico City, mji uliojengwa juu ya magofu ya Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, iliyoangushwa na Wahispania mwaka 1521. Sijui kama bendi ilikusudia kufungua na Churchill na kufunga na Wakree. Hata hivyo ndivyo ilivyo kwenye orodha, na umati unaoupigia kelele kiitikio kile, wengi wao wakiwa na damu ya walioshindwa mwaka 1521, unaimba kitu ambacho nyanya yangu angekielewa bila kutafsiriwa. Watu wake nao walipanda milimani, Nyandarua na Mlima Kenya.

Watu huniuliza Mkenya anatafuta nini kwenye metali. Mwaka ule ule wa 2020 Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa albamu ya metali kali kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kwa hiyo swali hilo lilishajibiwa na wenyewe wanaopiga. Mimi najibu kama msikilizaji: natafuta kile ninachokipata katikati ya The Clansman, pale sauti zote zinapoungana kulilia uhuru.

Usiku ule wa kafyu, mpwa wangu aliyekuwa akiishi nasi, kijana wa miaka 15, aliingia chumbani kuchukua chaja. Sauti ilikuwa juu na ilivuja kwenye hedifoni.

"Anko, ni mpira huo?"

Nikamwambia ni muziki. Nikairudisha Fear of the Dark mwanzo na kumvika hedifoni. Alisimama mlangoni na chaja mkononi mpaka wimbo ukaisha, kisha akauliza kama watu wale wote walikuwa pamoja, mahali pamoja, wamebanana. Nikamwambia ndiyo, mwaka jana tu, Septemba. Akaketi kitandani, akaomba niurudie.