Majibu ya damu yasikae mezani

Makala moja niliyosoma inasema alama kwenye chembe za kinga zinaweza kuonyesha mapema ni mgonjwa gani wa UVIKO-19 au homa ya mafua atakayezidiwa. Ni kweli, ila sisi wa maabara tuna dalili nyingine karibu zaidi. Mwaka 2020 madaktari wa Wuhan walieleza kwamba waliozidiwa mara nyingi limfosaiti zao (chembe nyeupe za damu zinazopambana hasa na virusi) zilishuka huku nyutrofili (chembe nyeupe zinazopambana hasa na bakteria) zikipanda. Namba hizo hutoka kwenye kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu, kilekile anachopimwa mtoto mwenye homa!

Mwaka 2021 nilitoa majibu ya mzee mmoja, limfosaiti ziko chini mno. Karatasi ikakaa mezani hadi jioni bila kutazamwa. Bado inaniuma.

Alama kama HLA-DR, protini iliyo juu ya monosaiti (aina nyingine ya chembe nyeupe), ambayo hupungua kwa wagonjwa mahututi, inahitaji mashine za jamii moja na zile kubwa za kupimia chembe za kinga za CD4 kwa wenye VVU. Tusiache mashine hizo zife. Ila nyutrofili hupandishwa pia na bakteria na dawa za steroidi, kwa hiyo oksijeni ya mgonjwa ipimwe kwanza.