Ngalawa Namba 1800

Samaki wa kwanza alikuwa kolekole, kilo mbili na ushee, mkia bado unapigapiga. Nilimpokea kwa mikono miwili nikasema ahsante mzee wangu, Mungu akuzidishie. Ningejua, ningetimua mbio.

Mimi ni karani wa hesabu katika klabu moja ya vyombo vya matanga hapa pwani. Jina la klabu mniachie, bado nakula mshahara wao. Mambo ya tanga na mlingoti siyajui, na kuogelea naogelea vizuri sana mpaka maji ya kiunoni. Ila yule aliyekuwa akitoa matokeo ya resi za Jumamosi alihamishwa kikazi, kamati ikaangaza macho huku na huku, ikaniona nimekaa na kompyuta. "Wewe si unajua hesabu?" Basi, nikawa mimi.

Klabuni kwetu vyombo ni mchanganyiko. Kuna Laser, kachombo ka mtu mmoja kanakokimbia kama kameibiwa. Kuna Topper. Kuna na Optimist za watoto, ambazo ukizitazama kwa mbali utadhani ni mabeseni yaliyotwekwa matanga. Ukivishindanisha hivi hivi, Laser atashinda mpaka kiama. Ndiyo maana Waingereza walibuni namba za Portsmouth: kila aina ya chombo ina namba yake, na chama chao cha taifa huzitoa upya kila mwaka kwa kuangalia matokeo ya vilabu. Unachukua muda alioutumia mtu, unazidisha kwa 1000, unagawa kwa namba ya chombo chake. Laser ni 1100 hivi, Optimist ni 1640 hivi. Kwa hiyo Laser akimaliza kwa dakika 55 anaandikiwa 50. Mtoto wa Optimist akifika kwa dakika 82, kalowa chapachapa, analia, naye anaandikiwa 50. Wametoka sare. Maana yake ukimpa mtu namba kubwa, umempa zawadi.

Mwaka huo kamati ikaona tuwaalike na majirani zetu wavuvi, ujirani mwema. Akakubali mmoja tu, mzee wa ngalawa. Nikafungua orodha ya Waingereza, nikaishuka yote mpaka chini: ngalawa haimo. Mwenyekiti akasema hilo si tatizo, klabu inaruhusiwa kujipangia namba. Mzee akimbie Jumamosi tatu za majaribio, wewe pima, utuletee namba.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Mnataka nifanye nini?"

"Hakuna kubwa. Safiri tu kama kawaida yako."

Hayo maneno "kama kawaida yako" niliyatamka mimi, kwa kinywa changu, na mashahidi walikuwepo.

Jumamosi ya kwanza mzee alikuja na tanga lililoshonwa kwa viroba vya unga, kipande kimoja bado kinasomeka "kilo 25". Ndani alikuwa na farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, ya mawe, utasema anakwenda kujenga msingi. Akaondoka polepole, akazunguka maboya polepole, akarudi polepole. Dakika 90. Akashuka, akanipa yule kolekole. Jumamosi ya pili, dakika 91, na jodari. Ya tatu, dakika 89, na kipande cha nguru ambacho mke wangu alikipika kwa nazi hadi jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini.

Karani wa hesabu akiona tarakimu zinakubaliana namna ile, moyo hutulia. 90, 91, 89! Sikujiuliza hata mara moja: mtu aliye kwenye resi, samaki anampata saa ngapi?

Siku zote hizo Laser alikuwa akitumia dakika 55. Nikapiga hesabu ili mzee wa dakika 90 naye aandikiwe 50 kama Laser, ngalawa ikatoka 1800. Mzito kuliko beseni la watoto. Nikachapa, nikabandika ubaoni, nikapiga na mhuri.

Siku ya kombe kusi ilikuwa inavuma sawasawa. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka mwamba uko nje, ikabidi njia ibadilishwe: kuondoka hapa moja kwa moja mpaka kisiwani na kurudi, bila kubisha, yaani bila kwenda kombokombo kuukabili upepo. Kwenda upepo ubavuni, kurudi upepo ubavuni. Nimekuja kuelezwa baadaye kwamba ngalawa haipendi kubisha, lakini upepo wa ubavuni ndio asali yake. Baadaye, nasema.

Mzee akatokea. Viroba hamna. Ametweka tanga jipya la kitambaa cha marekani, jeupe kama kanzu ya Idi. Mawe hamna. Mahali pa mawe kaweka wajukuu wawili wembamba, mmoja kakalia mti wa pembeni kama kunguru. Honi ilipolia nilikuwa kwenye boti ya kamati, nimevaa maboya mawili, moja juu ya jingine, na hata hivyo niliona kwamba hali si ya kawaida.

Laser wa kwanza, meneja mmoja wa benki, dakika 55. Ngalawa ikaingia nyuma yake, dakika 60 kamili, mjukuu anatupungia mkono.

Sitini mara elfu, gawa kwa elfu moja na mia nane. Nikarudia mara tatu, mara ya tatu kwa penseli. Dakika 33 na sekunde 20.

Niliposoma matokeo, ukimya ulikuwa wa msibani. Kisha meneja akauliza, kwa upole wa watu wa benki, "Injini aliifunga upande gani?"

Pingamizi likakatwa, kamati ikakaa, mzee akaitwa. Hakutetereka.

"Mliniambia nisafiri kama kawaida yangu. Kawaida yangu mimi ni kurambaza. Unatupa mshipi nyuma, unakwenda taratibu, ukienda mbio nguru hali. Leo mmesema ni mashindano, basi nikaacha mshipi nyumbani. Kosa langu liko wapi?" Akaninyooshea kidole. "Na karani wenu ni shahidi. Muulizeni yule nguru alikuwaje."

Meza nzima ikanigeukia.

"Alikuwa mtamu," nikasema.

Ushahidi nilikuwa nimeula wote, hata mifupa alipewa paka. Kamati ikaamua: namba ilitangazwa kabla ya resi, kwa hiyo ushindi unabaki, kuanzia sasa ngalawa ni 1200. Usiku nikaijaribu ile 1200 kwenye resi ileile. Ikatoka dakika 50 kamili, sare na meneja, sekunde kwa sekunde. Nikaifuta. Kwa sifa niliyokuwa nayo wiki ile, nani angeamini kwamba sikuipika?

Zawadi ilikuwa chakula cha jioni cha watu wawili hapo hapo klabuni. Mzee alikuja na bibi yake, wakaagiza samaki. Alipoletewa alimtazama, akaita mhudumu. "Huyu niliwauzia mimi juzi," akasema. "Leteni kuku."

Jumamosi iliyofuata nilirudi nyumbani mikono mitupu. Mke wangu akachungulia nyuma yangu, akauliza samaki yuko wapi. Nikakaa nikamweleza yote, 1800, 1200, kamati, tuhuma. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza dagaa.

"Sasa hiyo mia sita mliyompunguza," akasema, "inaliwa na ugali?"