Printa iombe anwani yake kwa seva

Fundi mwenzangu hapa Kisumu ana daftari ambalo kila printa, seva na kamera ya ofisi anazohudumia ina anwani yake ya mtandao, na kila anwani ameiingiza kwa mkono ndani ya kifaa chenyewe. DHCP, yaani huduma ya seva inayogawia vifaa anwani bila mtu kuziandika, kwake ni ya simu za wageni. Hofu yake naielewa: printa ikihama kutoka 192.168.1.40 kwenda 73, jina lake kwenye seva ya majina (DNS, inayogeuza majina kuwa anwani) linabaki likielekeza pasipo na kitu, na idara ya uhasibu inakaa bure.

Lakini hebu tuifuate hiyo 40. Imeandikwa ndani ya printa, ila haikuondolewa kwenye fungu ambalo DHCP hugawa. Miezi inapita salama, kwa sababu seva kama dhcpd ya ISC huipigia anwani ping, yaani huiulizia kama kuna anayeitumia, kabla ya kuitoa. Printa ikijibu, hutafutwa nyingine. Halafu jioni mvua inashuka kutoka ziwani, stima inapotea, na karani anachomoa printa isije ikaungua. Asubuhi mfanyakazi anawahi, anafungua kompyuta yake, inaomba anwani. Seva inapiga 40, inangoja sekunde moja, kimya. Inaitoa. Karani anafika, anawasha printa, na sasa vifaa viwili vinang'ang'ania anwani moja. Ukurasa wa kwanza unatoka, wa pili unakwama. Fundi anabadilisha kebo, kisha swichi. Nimeona ofisi ikinunua printa mpya kwa shida hii, na ile mpya nayo ikaandikiwa 40.

Seva haikujua kwamba 40 ina mwenyewe, kwani hakuna aliyeiambia. Ipe namba ya MAC ya printa, yaani kitambulisho cha kadi yake ya mtandao, iitengee 40, nayo itairudishia anwani hiyo kila inapowashwa. Uthabiti anaoutaka mwenzangu anaupata palepale, na rekodi inakaa mahali pamoja. Kompyuta za wafanyakazi zikopeshwe tu, DHCP iijulishe seva ya majina. Utaratibu huo upo tangu 1997, katika RFC 2136, waraka wa viwango vya intaneti.

Daftari lina hoja moja nzito. BIND, programu ya seva ya majina, ikishapokea mabadiliko ya namna hiyo, faili la majina si la kuguswa ovyo: mabadiliko huingia kwanza kwenye faili la kumbukumbu la .jnl, na ukihariri bila kuanza na amri ya rndc freeze ya kuyasimamisha na kumalizia na rndc thaw ya kuyaruhusu tena, kazi yako yaweza kupotea. Tena bila ufunguo wa siri wa TSIG unaothibitisha anayetuma mabadiliko, ukitegemea anwani yake pekee, mashine ya ndani inaweza kujipachika jina la seva ya mishahara. Hili ni la kuogopwa kweli. Ndiyo maana majina yanayobadilika nayapa kanda (zone) yao ndogo, na ya kudumu yanabaki kwenye faili ninaloandika mwenyewe.

Simu siziandikishi majina kabisa. Tangu Android 10 hujitungia MAC kwa kila mtandao.

Hivyo anwani za kuingizwa kwa mkono ndani ya kifaa, hata ofisi ikiwa na vifaa 60, kwangu ni tatu: ruta, seva ya majina, na seva ya DHCP yenyewe.