Mkeka Huanzia Bondeni

Kila ninapomsikia mtu akilalamika kwamba mikeka ya plastiki imeiua mikeka yetu ya ukindu, hukubali nusu tu ya maneno yake. Ni kweli kwamba mkeka wa plastiki haupati tabu ya kuoshwa na hukauka upesi, na kwenye shughuli nyingi siku hizi ndio unaotandikwa kwanza. Lakini mkeka wa plastiki haujawahi kukata mkindu hata mmoja. Wakataji ni sisi wenyewe, na kila tukikata husema tunasafisha pori.

Mkindu, ambao wataalamu wa mimea huuita Phoenix reclinata, ni ndugu wa mtende, na huota katika sehemu kubwa ya Afrika hadi Comoro na Madagascar. Hustahimili hata ardhi kavu, lakini hapa kwetu Pemba hustawi zaidi mabondeni, kando ya mito na mitaro ya mpunga, mahali ambapo maji hayako mbali na mizizi. Hausimami peke yake kama mnazi, bali hutoa mashina kadhaa kutoka tako moja, nayo huinama huku na huku kila moja likitafuta jua lake. Vijani vya chini vya kila kuti vimegeuka miba, na aliyewahi kufuata mpira uliotumbukia humo hahitaji kuelezwa ukali wake. Miti yenyewe ina dume na jike: dume hutoa maua tu, jike huzaa vitunda vidogo vya rangi ya machungwa, vyenye nyama nyembamba na kokwa iliyochukua karibu nafasi yote. Tulivila utotoni kwa kuwa vilikuwepo, si kwa kuwa vilishibisha. Ndege huvila pia, na kokwa wanazozitema au kuzinya mbali na mti mama ndizo zinazoanzisha mikindu mipya ambayo hakuna mtu aliyeipanda.

Mizizi ya kundi kubwa la mikindu hushika udongo wa ukingo wakati wa masika, maji yanapoteremka kwa nguvu kutoka vilimani. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na makundi mawili kando ya mtaro. Jirani aliyenunua upande wa pili aliyang'oa yote mawili ili apanue kiwanja, na sasa kila masika mtaro unakula ardhi yake pamoja na yetu. Simlaumu sana, wakati ule hata sisi hatukumwambia neno.

Bibi yangu angemwambia. Alikuwa akisuka barazani baada ya sala ya alasiri, na mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia ncha ya ukili, ule utepe mrefu uliosukwa, usijikunje. Ukindu wa mkeka haukatwi kwenye makuti yaliyokwisha kufunguka, kwa sababu hayo yamekomaa na huvunjika yanapokunjwa. Hukatwa kuti changa la katikati, lile ambalo bado limefumba kama mwavuli, kisha huanikwa juani mpaka rangi ya kijani iondoke na libaki jeupe. Chane zinazotakiwa rangi huchemshwa kwa rangi ya unga, na zote hulowanishwa kidogo kabla ya kusukwa ili zilainike. Bibi alikuwa akichana kijani kimoja kwa ukucha wa kidole gumba, bila kukitazama, na chane zikitoka sawasawa kama zilizopimwa kwa rula. Ukili ukishafika urefu wa kutosha, ndipo huunganishwa ukingo kwa ukingo kwa kushonwa, na hapo tu ndipo mtu mwingine huanza kuona kwamba ni mkeka.

Aliponipeleka bondeni mara ya kwanza aliniambia, "Mjukuu wangu, shina hili tumelichukulia mwezi uliopita, liache lipumue, kata la pembeni." Shina la mkindu lina kilele kimoja tu, na kila kuti jipya hutoka hapo. Ukilikata changa kila linapochomoza, shina hukosa majani ya kulilisha na hudhoofika; ukikikata kilele chenyewe, shina hilo limekwisha. Ukataji wa zamu aliokuwa akiufanya bibi ndio uliowezesha makundi yale mawili kuitoshea mikeka ya nyumba nzima, pamoja na misala na kawa za kufunikia chakula.

Ndiyo maana naona kwamba mipango ya kuwasaidia wasukaji wetu huanzia mahali pasipo pake. Kinamama hufundishwa mitindo mipya ya mikoba ya kuwauzia watalii, jambo ambalo si baya, lakini hakuna anayewauliza ukindu wanaupata wapi. Msukaji anayelazimika kununua ukindu uliosafirishwa kutoka mbali amekwisha kupoteza sehemu ya faida kabla hajasuka ukili wa kwanza. Laiti mkindu ungehesabiwa kuwa zao, kama tunavyouhesabu mkarafuu na mnazi, mwenye kiwanja angefikiri mara mbili kabla ya kuung'oa, na kingo za mabonde ya mpunga, ambako hapalimwi kitu, zingekuwa shamba la ukindu.

Nimekwisha kuomba maotea matano kwa mzee mmoja wa jirani, nami nitayapanda kando ya mtaro masika yakianza. Kama yametoka kwenye mkindu jike au dume hakumbuki.